Nyanya Anna F1 zimefikia maua: majani nipunguze kiasi gani, na nilishe nini?

Bustani_Mpigi
Bassebo na bannyabo, habari za shamba. Nina mistari sita ya nyanya Anna F1, nje, si kwenye nyumba ya plastiki. Wiki ya saba tangu kuhamisha miche. Shina limenenepa kuliko kidole gumba, majani ya juu ni kijani kizito na yamejikunja kwenda chini kama kucha, ila maua yanadondoka. Ua lenyewe halikauki: kile kifundo cha katikati ya kikonyo kinageuka njano, ukiligusa linabaki mkononi. Ninaweka CAN (mbolea ya naitrojeni yenye kalsiamu) kizibo kimoja cha soda kwa kila mche, kila wiki. Jirani ananiambia nitoe majani yote yanayofunika maua ili jua lipenye. Niyatoe?

Kikapu256
Usiguse majani bado. Acha hiyo CAN kwanza. Kizibo cha soda kinabeba kama gramu 5, na zaidi ya robo yake ni naitrojeni. Kila wiki ni kushibisha mche mpaka usahau kuzaa: unajenga shina na majani tu, na huko kujikunja kama kucha ndiyo dalili yake.

Simamisha siku 14. Kama hakuna mvua, mwagilia maji matupu, lita moja hadi mbili kwa mche kwa siku. Kisha anza zamu: wiki hii kalsiamu naitreti gramu 5 kwa mche, wiki ijayo potasiamu naitreti. Hii ya pili yeyusha gramu 100 kwenye jerikeni la lita 20, kila mche upate nusu lita. Jerikeni moja linatosha miche 40. Weka kwa duara, sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye shina, udongo ukiwa na unyevu. Ukiweka kwenye udongo mkavu unaunguza mizizi, halafu utalaumu duka.

Joto pia liangalie. Mchana ukipita nyuzi 32 chavua inakufa, na hapo hakuna mbolea itakayoshika ua.

NyanyaMbale
Nakubali kuhusu CAN. Kuhusu majani, jirani amechanganya mambo mawili. Ua la nyanya halihitaji jua la moja kwa moja. Linahitaji mtikisiko ili chavua imwagike, maana linajichavusha lenyewe. Gonga kamba ya mche kwa kijiti kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana, umande ukishakauka. Chavua yenye unyevu inagandamana.

Majani ya kutoa ni yale yanayogusa udongo na yale yaliyo chini ya kichala cha kwanza, basi. Mawili au matatu kwa mche kwa wiki, si zaidi. Jani lililo karibu na kichala ndilo linalokilisha. Ukilitoa, tunda linabaki dogo na ubavu wake unababuka kwa jua, unatoka weupe kama karatasi.

Machipukizi ya kwapani, yale yanayotoka kati ya jani na shina, ni jambo jingine. Anna ni ndefu, kwa hiyo yatoe yote yakiwa na sentimita 5, kwa kuvunja kwa vidole. Ukisubiri yanenepe utahitaji kisu, na kisu ndicho kinachohamisha ugonjwa wa mnyauko kutoka mche hadi mche. Ikibidi kukata, chovya kisu kwenye Jik (dawa ya kung'arisha nguo) sehemu moja kwa maji sehemu tisa kila unapohama mche. Fanya asubuhi kukiwa kukavu, kidonda kifunge kabla ya jioni. Mwenye nyanya aina ya Rio Grande au Cal J asifuate hili: hizo ni fupi, matunda yanatoka kwenye hayo matawi.

Bustani_Mpigi
Asanteni sana. Nimeangalia tena: majani ya chini kabisa yana njano, lakini mishipa bado kijani. Mengine yana madoa ya kahawia. Ni njaa au ugonjwa?

Kikapu256
Shika jani lenye doa ulitazame kwenye mwanga. Doa likiwa na miduara ndani ya miduara, kama gogo lililokatwa, hiyo ni bakajani tangulia, ugonjwa wa ukungu: toa jani, lichome, usilitupe kwenye mboji, na unyunyize mankozebu (dawa ya ukungu) gramu 50 kwa bomba la lita 20, chini ya majani pia. Tandaza nyasi kavu, kwa sababu vimelea vinaruka na matone ya mvua kutoka udongoni.

Shamba_Kasese
Hiyo njano kati ya mishipa, kwenye majani ya zamani, ni upungufu wa magnesi (magnesium). Mche unaihamisha kwenda juu unapoanza kubeba. Chumvi ya Epsom (salfati ya magnesi) gramu 200 kwa lita 20, nyunyizia jioni, rudia baada ya siku 10. Jani lililokwisha kugeuka halirudi sawa, angalia kama njano inaacha kupanda. Na usizidishe potasiamu: ikijaa udongoni inaifungia magnesi mlango, kwa hiyo kipimo cha Kikapu256 usikiongeze.

Ila chumvi hiyo usiitie bomba moja na kalsiamu naitreti. Zikikutana kwa wingi zinatengeneza jasi, unga mweupe unaotuama na kuziba pua ya bomba, na mche haupati hata moja. Weka kijiko cha kila moja kwenye chupa ya maji isiyo na rangi, tikisa, uone maji yanavyokuwa kama maziwa. Ziachanishe siku tatu.

NyanyaMbale
Na ukiona kitako cha tunda kinaoza cheusi baadaye, kagua maji kabla ya kununua kalsiamu nyingine. Kalsiamu inasafiri na maji, na majani yanayavuta kwa nguvu kuliko tunda. Siku tatu kavu kisha mafuriko, kitako kinaoza hata kama kalsiamu imejaa udongoni. Chomeka kidole chini ya matandazo mpaka kiungo cha pili: kikitoka kikavu, umechelewa kumwagilia.