Ripoti ya kuskani misimbopau (barcode) ya dawa: tupime nini zaidi ya asilimia?

MuuguziUghaibuni: Ndugu wanajukwaa, mimi ni muuguzi katika hospitali moja nchini Marekani, na kamati ya usalama wa dawa imeniomba nipendekeze namna ya kuboresha ripoti yetu ya kila mwezi. Kwa sasa kila wodi huonyeshwa takwimu moja tu, yaani asilimia ya dozi ambazo muuguzi aliskani bangili ya mgonjwa pamoja na dawa yenyewe kabla ya kuitoa. Wodi nyingi zimevuka asilimia 95 inayotakiwa na Leapfrog, shirika la Marekani linalopima usalama wa hospitali, lakini zilizo chini ya hapo huishia kukaripiwa bila kuambiwa zirekebishe nini. Tuongeze taarifa zipi?

Mfamasia_K: Dada, anzeni kwa kutenganisha dozi ambazo bangili haikuskaniwa na zile ambazo dawa haikuskaniwa, kwa sababu vyanzo vyake hutofautiana. Kisha zipangeni kwa jina la dawa, si kwa jina la muuguzi. Huenda mkakuta kasoro nyingi zimelundikana kwenye bidhaa chache: kidonge kilichokatwa nusu, mfuko wa dripu wenye lebo iliyokunjamana, au dawa ya mtengenezaji mpya ambayo namba yake haijaingizwa kwenye mfumo. Kanuni ya mwaka 2004 ya FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, inadai msimbopau kwenye dawa nyingi, ila haiwezi kuiokoa lebo iliyochapishwa famasi kwa wino hafifu. Kasoro za namna hiyo ni zetu wafamasia, na ripoti itamke hivyo waziwazi.

Mzee wa Takwimu: Naafiki, lakini hata asilimia kubwa ichunguzwe. Utafiti wa Koppel na wenzake wa mwaka 2008 kuhusu kuskani dawa hospitalini ulibainisha njia 15 za kukwepa utaratibu, ikiwamo kuskani nakala ya bangili iliyowekwa mbali na mgonjwa, na mfumo hulihesabu tendo hilo kuwa sahihi. Tazameni muda: wagonjwa wa vyumba tofauti wakiskaniwa karibu kwa wakati mmoja na muuguzi yuleyule, pana jambo la kuuliza, tena kwa upole. Onyesheni pia tahadhari zilizotolewa na mfumo, na ni ngapi kati yake zilimfanya muuguzi asitoe dawa.

MuuguziUghaibuni: Nashukuru sana. Na dozi za dharura, tuziondoe kwenye hesabu?

Mzee wa Takwimu: Msiziondoe kimyakimya. Zipeni safu yake, la sivyo kila wodi inayotaka kupandisha asilimia itagundua kwamba ina dharura nyingi.