Naomba ushauri: dirisha la paa kwenye korido yenye giza, Dodoma

Wakuu, habari za majukumu.

Nina nyumba hapa Nzuguni, imeezekwa bati za msauzi. Korido ya katikati ni giza totoro, saa sita mchana tunawasha taa. Vyumba vimeibana pande zote, hakuna pa kutoboa dirisha. Nimebakiwa na juu tu.

Fundi wa kwanza anasema nitoe kipande cha bati, niweke bati angavu la plastiki lenye migongo ileile, kisha nikate silingi ya jipsam na kujenga kisanduku cheupe cha kushusha mwanga. Bei nafuu. Ila ya jirani imeshakuwa ya njano na imepasuka kwenye misumari. Nahisi waliikaza mno, na plastiki ikipata joto hutanuka. Wa pili anataka kioo cha tabaka mbili chenye fremu ya aluminiamu. Kizuri, lakini mfuko unalia.

Hofu yangu kubwa ni joto. Jua letu Oktoba na mwanzoni mwa Machi linapita utosini, sitaki korido iwe oveni. Nafikiria upande wa paa unaotazama kusini, au hata bomba la kuakisi mwanga, kama mafundi wa huku wanaliweza.

Mliokwisha kufanya: polikaboneti (plastiki ngumu angavu) yenye kinga ya jua inadumu kweli? Na kwa juu, pale bati angavu linapokutana na kofia (bati la kufunika kilele cha paa), mmezibaje mvua ya upepo isiingie? Silikoni peke yake siiamini.