Stress za kazi: hii ya kufuatilia pumzi inasaidia kweli?

mtu_wa_foleni: Wakuu salama? Kazi inanimaliza, usiku nawaza tageti za mwezi mpaka alfajiri. Naambiwa nikae kimya nifuatilie pumzi, sasa na watoto hawa plus redio ya jirani kimya nakitoa wapi?

BiShangazi: Nani kakwambia lazima kimya bana. Osha sufuria, sikia maji, povu, ule ukoko wa ugali unavyobanduka, mawazo ya bosi yakija usigombane nayo, we rudi tu kwenye sufuria. Ndo yenyewe hiyo.

dereva_mstaafu: Daladala nayo inafaa. Vuta hewa kwa pua, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, mapigo ya moyo yanapungua. Ila usifumbe macho Kariakoo, simu itaondoka 😂

Mdau_K: Na sio ushirikina jamani, mwanasayansi Jon Kabat-Zinn alianza kufundisha wagonjwa wa maumivu sugu mambo haya huko Massachusetts, Marekani, tangu 1979, siku hizi kozi ni wiki 8. Ila kukosa usingizi kukizidi muone daktari.

mtu_wa_foleni: Sawa, na bosi akipiga saa nne usiku?

BiShangazi: Zima simu.