Mdogo wangu anataka kukatwa tumbo Uturuki, mnasemaje?

Hamjambo wapendwa. Mdogo wangu wa kike ana kilo 118, urefu sm 165, sukari anayo, presha anayo, dayati zote kashamaliza. Sasa kaona tangazo la Uturuki, ndege na hoteli na oparesheni vyote humohumo, anataka aende mwezi ujao halafu akitoka huko apitilize Dar kwenye harusi. Mama nyumbani analia tu, anasema mwanangu anaenda kutolewa tumbo. Nimwambieje?
Dada wa Reading

---

Dada pole, na mama mpe pole. Mi ni nesi wodi ya upasuaji hapa Birmingham.

Tumbo halitolewi lote. Kuna slivu, wanakata kama 75 mpaka 80% ya mfuko wa chakula wanatupa, kinabaki kitu chembamba kama ndizi, na kilichokatwa hakirudi. Sehemu ile ndo inatengeneza sana homoni ya njaa, ndo maana watu wanasema hamu imekufa. Halafu kuna baipasi, hapo hawatupi kitu, wanatenga kijifuko kidogo juu, cha kama ml 30, wanakiunga na utumbo mdogo. Kwa mwenye sukari baipasi mara nyingi inafanya kazi vizuri zaidi, wengine sukari inashuka ndani ya siku chache kabla hata uzito haujaondoka, sasa kama anachoma insulini na hakuna wa kumpunguzia dozi si ataanguka? Na kama ana kiungulia cha siku nyingi, slivu inaweza kukizidisha. Muulize kama hao wa tangazo wamemuuliza hata hilo moja.

Kufa ni nadra, chini ya mtu 1 kwa 100. Ila mshono unaweza kuvuja, na unaweza kuvuja mtu kashatoka hospitali kitambo, yuko zake harusini Dar, moyo unaenda mbio, homa, tumbo linauma, na watu wanamwambia ni uchovu wa safari. Ongeza kukaa kwenye ndege masaa yote hayo, damu inaganda mguuni inapanda mapafuni. Hiyo harusi aisahau jamani, au oparesheni isubiri.

Hapa Uingereza NHS, yaani hospitali za serikali, wanaangalia BMI 40 (uzito ukilinganishwa na urefu), au 35 kama una maradhi kama sukari, na sisi wenye asili ya Afrika wanatupunguzia 2.5. Yeye yuko 43, anapita kabisa. Foleni ndefu sikatai, lakini humo ndani kuna mtu wa lishe, mtu wa saikolojia, na miaka 2 ya kufuatiliwa, halafu kila mwaka vipimo vya damu. Vitamini ni maisha yote: B12, madini ya chuma, kalisi, D. Akitapika kila siku asivumilie, B1 ikiisha mishipa ya fahamu inaharibika. Brufeni asimeze tena, hasa akifanya baipasi, vidonda vya tumbo hivyo. Na mimba asubiri miezi 12 mpaka 18.

---

Mi nimefanya baipasi hapahapa. Sukari imetulia, ngazi napanda bila kusimama, sijuti. Ila nesi hajasema ya mezani. Chai ya maziwa yenye sukari nyingi ikishuka tu jasho linakutoka, moyo unadunda, unatafuta pa kulala. Ugali tonge kubwa linakwama. Ukienda kwa watu umepakuliwa sahani imejaa umekula vijiko vitatu, mwenyeji kanuna, mwingine anakuuliza kama unaumwa ule ugonjwa. Nywele zilipukutika zikarudi, ngozi ya tumbo ndo imebaki inaning'inia na hiyo NHS kwa kawaida hawakati. Uzito nao unarudi ukianza kudonoadonoa soda na bisi.
Kaka wa Leeds

---

Asanteni sana. Kumbe kiungulia anacho, tena cha miaka, na hakuna aliyemuuliza. Shida kashalipa adivansi. Akienda kwa GP, daktari wake wa mtaani, aanzie wapi?
Dada wa Reading

---

Aombe rufaa ya kliniki ya uzito, aseme sukari na presha kwanza, magauni baadaye. Na aulizie sindano za kupunguza uzito, Mounjaro au Wegovy, wengine zinawatosha. Adivansi asome mkataba, hata ikipotea, kumrudisha mgonjwa hapa kwa dharura ni ghali zaidi.
Nesi