Kikokotoo kipya cha mishahara kimezivunja timu za taifa, na waliokileta walionywa mapema

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Nimekuwa kocha wa timu ya taifa katika mchezo huu wa kompyuta wa kuendesha klabu za kikapu kwa vipindi vitatu mfululizo, na kwa muda wote huo sijawahi kufungua uzi wa kulalamika, ingawa sababu hazikukosekana. Leo nafungua, na nawaomba wasimamizi wausome hadi mwisho badala ya kuufunga baada ya majibu matano, kama walivyoufunga ule wa kocha mwenzangu wiki iliyopita. Lalamiko langu ni moja tu. Kikokotoo kipya cha mishahara ya wachezaji, kilichoanza kutumika katikati ya msimu kwa notisi ya siku tisa, kimewaadhibu watu walewale waliokuwa wakilea wachezaji wa timu za taifa kwa hiari yao, na kimewaadhibu kwa sababu hiyohiyo ya kuwalea.

Kwa wale ambao hawajawahi kugusa upande wa timu za taifa, naomba nieleze jinsi kazi hii ilivyo, maana nimeona wengi wakichangia kana kwamba kocha wa taifa ni mmiliki wa klabu mwenye klabu kubwa zaidi. Kocha wa taifa hana mchezaji hata mmoja. Anachaguliwa kwa kura za wamiliki wa klabu wa nchi yake, anafunguliwa orodha ya wachezaji wote wenye uraia wa nchi hiyo, anateua 12 kabla ya kila mechi, kisha anapanga watano wa kuanza, mfumo wa kushambulia, na kama timu italinda kwa kanda au mtu kwa mtu. Mamlaka yake yanaishia hapo. Mchezaji atafundishwa nini, atachezeshwa nafasi gani, atauzwa lini na kwa nani, yote hayo yako mikononi mwa mmiliki wa klabu.

Na mafunzo katika mchezo huu, kama mnavyojua, ni ya polepole mno. Klabu hufanya zoezi la aina moja kwa wiki, kwa wanaocheza nafasi moja, na mchezaji hafaidiki nalo kikamilifu mpaka awe amecheza dakika 48 katika nafasi hiyo ndani ya wiki hiyo. Kadiri umri unavyosogea ndivyo ujuzi unavyopanda kwa shida, na akishapita miaka 25 kinachobaki ni kupaka rangi nyumba iliyokwisha kujengwa. Kwa hiyo senta wa timu ya taifa, yule mrefu anayecheza karibu na kikapu, hutengenezwa kati ya miaka 18 na 24, yaani misimu sita, na kwa kuwa msimu mmoja ni wiki 14, hiyo ni zaidi ya mwaka mmoja na nusu wa maisha halisi ya mtu mwingine ambaye siwezi kumwamuru chochote. Ninachoweza ni kumwandikia, kumsihi, kumpangia ratiba ya mazoezi wiki kwa wiki, kumshukuru, na kumpa pole anapofungwa. Nimeandika barua za namna hiyo nyingi kuliko nilizowahi kuwaandikia ndugu zangu wa damu.

Sasa nije kwenye kiini. Maslahi ya klabu na maslahi ya timu ya taifa hayajawahi kuelekea upande mmoja. Klabu inalipa mishahara kila wiki, hivyo humtafuta mchezaji anayetoa kingi kwa mshahara mdogo, na njia rahisi ya kumpata ni kumkuza katika stadi mbili au tatu za nafasi yake na kuacha nyingine zote zilale. Timu ya taifa hailipi mshahara. Inamhitaji mchezaji aliyekamilika: senta anayeweza kutoa pasi pale ulinzi wa kanda unapomzunguka, mlinzi asiyeona haya kwenda kugombea ribaundi, yaani mpira uliokosa kikapu, fowadi anayefunga ndani na nje. Mchezaji wa namna hiyo hanunuliki sokoni kwa sababu hakuna klabu inayomtengeneza kwa faida. Hutengenezwa kwa mapenzi.

Kilichoyawezesha mapenzi hayo ni mwanya mmoja mdogo. Kikokotoo cha zamani kilimlipa mchezaji kwa stadi za nafasi yake tu. Senta alilipwa kwa kufunga chini ya kikapu, kulinda ndani, ribaundi na kuzuia mitupo. Pasi na kumiliki mpira havikuhesabiwa kabisa. Ndiyo maana sisi makocha tuliwafundisha wamiliki waanze na stadi za nje mchezaji akiwa bado mtoto, kisha wamalizie na za ndani, ili gharama kubwa ije mwishoni na iwe gharama inayobebeka. Kikokotoo kipya kinahesabu stadi zote kumi na mbili kwa kila nafasi. Maana yake ni kwamba mchezaji aliyekamilika, ambaye jana alikuwa zawadi ya mmiliki kwa taifa lake, leo ndiye mtu ghali kuliko wote katika klabu, bila kuwa amefunga hata pointi moja ya ziada.

Nitatoa mfano wa senta wetu, na mwenye klabu yake ameniruhusu kuusimulia mradi nisimtaje. Huyu bwana alimpata kijana huyo katika drafti, yaani ule mgao wa vijana wapya kwa klabu, miaka 18, sentimita 213, kipaji cha daraja la juu kabisa. Nilimwandikia siku ileile. Akakubali kumchezesha kama mchezesha timu kwa misimu miwili, kwa sababu hakuna njia nyingine ya kumfundisha pasi na kumiliki mpira kwa kasi. Aliyewahi kuisoma ripoti ya mechi yenye mtu wa sentimita 213 anayepandisha mpira uwanjani dhidi ya walinzi wepesi anajua nazungumzia nini: kila baada ya mistari mitatu mpira umepokonywa. Klabu ilishuka daraja. Mashabiki, wale wa kompyuta ambao huacha kukata tiketi timu ikifungwa, walitoweka, na mapato yakatoweka nao. Mmiliki hakuuza. Akaendelea misimu minne mingine na mazoezi ya ndani, akapanda daraja alilolipoteza, na kijana alipofika miaka 24 tukawa na senta ambaye nchi yenye klabu hai zisizofika 60 haikuwa na haki ya kumwota.

Jumatatu ya kikokotoo kipya mshahara wake ulitoka 118,000 kwa wiki ukafika 201,000, katika klabu inayoingiza 240,000 wiki ikiwa nzuri na ina wachezaji wengine kumi wa kulipa. Mmiliki alivumilia wiki tatu, kisha akampeleka mnadani. Hakuna klabu ya nyumbani iliyoweza kutia dau. Amenunuliwa na klabu tajiri ya nchi nyingine, ambayo tayari ina masenta wawili na inamchezesha dakika chache za mwisho mechi ikishaamuliwa. Na kwa kuwa hali ya mchezaji katika mchezo huu inategemea dakika za wiki, zikipungua inashuka na zikizidi inashuka vilevile, senta wangu sasa anakuja timu ya taifa akiwa kama mtu aliyeamshwa usiku wa manane. Si yeye peke yake. Katika 12 niliowateua msimu uliopita, saba wamebadilisha klabu ndani ya wiki tano, na wote saba ni wale waliolelewa kwa ratiba zangu. Wale watano waliobaki ni wa stadi mbili tatu, ambao kikokotoo kipya hakikuwagusa.

Wasimamizi wanajibu kwamba ni haki kila ujuzi ulipiwe, kwa sababu senta anayejua pasi anaifaidisha klabu yake pia. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na sitajifanya kutouona. Zipo klabu za daraja la kwanza zilizoutumia mwanya huo kujaza kikosi kizima cha wachezaji waliokamilika kwa mishahara ya bei poa, na zilistahili kubanwa. Lakini wavu uliotupwa kwa ajili ya hao umewavua wadogo. Klabu za daraja la kwanza zina akiba. Zimelipa tofauti na kuendelea na maisha, na sasa zinawaokota kwa bei ya chini wachezaji ambao klabu ndogo zimelazimika kuwaachia. Wasimamizi wanaweza kufungua takwimu zao za mnada wakaona nani ananunua na nani anauza.

Hata kama kikokotoo chenyewe kingekuwa sahihi kwa kila herufi, siku tisa haziwezi kutetewa. FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ilipoamua kuusogeza mstari wa pointi tatu kutoka mita 6.25 hadi mita 6.75, uamuzi ulipitishwa mwaka 2008 na ukaanza kutumika mwaka 2010. Kwa nusu mita ya rangi sakafuni, watu walipewa miaka miwili ya kujiandaa, ili vijana waliofundishwa kutupa kutoka mstari wa zamani wasijikute wamepitwa kabla hawajacheza mechi ya kwanza. Hapa mmebadilisha thamani ya kazi ya misimu sita kwa tangazo lililowekwa Jumamosi jioni, chini ya habari ya nembo mpya za jezi.

Jibu lililoniudhi kuliko yote nilipewa kwa ujumbe binafsi na mmoja wa wasimamizi, kwamba nchi ndogo zisilie, zitazame Sudan Kusini. Nimetazama, ndugu msimamizi, na nilikuwa nikitazama kabla hujaniambia. Nchi iliyopata uhuru mwaka 2011 ilifika Kombe la Dunia mwaka 2023, ikafuzu Olimpiki ya Paris, na Julai 2024 mjini London ikapoteza kwa Marekani kwa pointi moja tu, 101 kwa 100, katika mechi ya kirafiki. Lakini ulipaswa kuuliza nani aliyelipia. Luol Deng, rais wa shirikisho lao, alitoa fedha mfukoni mwake kwa ajili ya safari na kambi za timu. Hilo ndilo linalofanywa na wamiliki wa klabu ndogo katika mchezo huu: wanatoa mfukoni. Tofauti ni kwamba hakuna aliyemwongezea Deng tozo kwa sababu wachezaji wake walijifunza kupiga pasi.

Kisha kuna ile kauli inayorudiwa kila mahali, kwamba timu ya taifa ni kipengele cha ziada na anayecheza kwa ajili ya ziada asilalamike. Kama ni ziada, mbona mechi za taifa ndizo huwekwa kwenye ukurasa wa mbele? Kwa nchi zenye watumiaji wengi huenda ikawa ziada kweli, kwa sababu drafti moja huwaletea vijana kumi wanaofanana, akipotea mmoja anachukuliwa mwingine. Sisi drafti nzima hutupa mmoja wa kipaji cha juu, na ipo misimu isiyotupa hata huyo mmoja. Wamiliki wetu wengi hawatachukua ubingwa wowote wa klabu na wanalijua hilo. Wanaingia kila siku kwa sababu kuna kijana wao anayevaa jezi ya taifa.

Ninachodai hakihitaji kurudisha kila kitu nyuma. Mchezaji yeyote aliyekuwa ametimiza miaka 21 siku kikokotoo kilipoanza abaki kwenye kikokotoo cha zamani mpaka astaafu, na kipya kiwahusu wanaokuja, ambao wamiliki wao watakuwa wameamua wakijua gharama. Kama hilo ni gumu kiufundi, basi mfuko wa timu ya taifa, ambao kwa sasa hukusanya mapato ya tiketi za mechi zetu na hauruhusiwi kuyatumia kwa lolote isipokuwa kuwakagua wapinzani, uruhusiwe kuchangia sehemu ya mshahara wa mchezaji katika wiki anazoitwa. Katika kikapu cha kweli shirikisho la taifa humkatia bima mchezaji linayemchukua kwa klabu yake. Sisi tunamchukua bure, na bado mwenye klabu ndiye anayetozwa.

Najua watakuja wa kuniambia nijiuzulu kama sipendi. Uchaguzi ni baada ya wiki nne na sigombei, kwa hiyo waokoe maneno.

Mechi ya kufuzu ni Jumatano. Senta wetu ataanza benchi, kwa sababu wiki iliyopita klabu yake mpya ilimpa dakika 11. Nafasi yake nimempa kijana wa miaka 20, sentimita 203, ambaye mmiliki wake aliniandikia jana usiku akiniuliza kama aendelee kumfundisha pasi au aache. Sijamjibu bado.