Benki imeninyima bonasi ya kadi kwa sababu nilimtumia mama pesa ya mabati

Wakuu habari za wakati huu. Mods, naombeni uzi huu msiuunganishe na zile za maisha ya ughaibuni. Huu ni wa benki na una hasira zake peke yake.

Niko Houston, mwaka wa sita sasa. Boksi nabeba kweli kweli, siyo la mafumbo: ghala, zamu ya usiku, saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Sitafuti huruma. Naandika kwa sababu nimepigwa mchana kweupe na watu waliovaa tai, na kila nikipiga simu naambiwa "tunakuelewa kabisa". Mnanielewa halafu?

Kisa chenyewe. Mwezi wa pili ilikuja barua, karatasi nzito inayong'aa, jina langu limeandikwa vizuri kuliko kwenye cheti cha form four. Chukua kadi yetu ya mkopo, tumia dola 4,000 ndani ya miezi 3 ya kwanza, tunakupa pointi 60,000. Pointi hizo ukizigeuza pesa ni dola 600. Ada ya mwaka dola 95. Kwa mtu ambaye hajamwona mama yake tangu aondoke, dola 600 ni sehemu nono ya tiketi ya kwenda Dar. Nikajaza fomu, tarehe 4 Machi nikakubaliwa.

Mimi si mtu wa kununua hovyo. Hesabu niliiandika nyuma ya bahasha ya barua ile ile, na bado ninayo. Bima ya gari ya miezi sita, 912. Chakula, petroli na vikorokoro vya nyumbani, 1,640. Simu na intaneti, 210. Ada ya mwaka, 95. Pesa za nyumbani, 750. Jumla 3,607. Kodi ya nyumba ingenimalizia kazi mapema kabisa, ila ninapokaa ukilipa kodi kwa kadi wanakuongezea karibu asilimia 3, yaani unachukua bonasi yako unamkabidhi mwenye nyumba. Kwa hiyo tarehe 9 Juni nikaenda kubadilisha matairi yote manne, dola 588, wakati ya zamani yangeweza kumaliza kiangazi chote bila shida. Jumla 4,195. Nikapiga mistari miwili chini yake kama mwanafunzi aliyepata hesabu.

Stetimenti ya Juni ikatoka, pointi hamna. Ya Julai, hamna. Nikapiga simu, nikasikilizishwa muziki dakika 47, akapokea dada mmoja mpole sana, akaniambia kwa mujibu wa kumbukumbu zao nilitumia dola 2,762 tu ndani ya muda.

Nikamuuliza, dada, 1,433 zimekwenda wapi? Zimeliwa na panya?

Hapo ndipo nilipofundishwa kusoma, kwa umri huu.

La kwanza ni dogo: ada ya mwaka haihesabiwi. Haya, 95 hiyo nimewaachia, japo ni wao wenyewe walioikata kwenye kadi hiyo hiyo. La pili ni ile miezi mitatu. Mimi nilianza kuhesabu tarehe 15 Machi, siku kadi ilipofika kwenye sanduku la barua nikaiwasha. Wao walianza tarehe 4, siku waliyonikubalia. Siku 11 ambazo kadi ilikuwa kwenye mfuko wa posta, mimi sina hata namba yake, saa yao ilikuwa inatembea. Kwa hiyo matairi ya tarehe 9 Juni yamechelewa siku tano. Nina matairi mapya mazuri, karibuni mpande.

Sasa la tatu, ambalo ndilo limenifanya nishindwe kulala baada ya zamu.

Mwishoni mwa Machi mama alinipigia kutoka Korogwe. Masika yameanza, bati la chumba chake limeoza, ameweka beseni juu ya kitanda. Siyo chini ya kitanda wakuu, JUU, na yeye analala upande uliobaki. Nilikuwa kwenye maegesho ya kazini. Nikafungua ile aplikesheni ya kutumia pesa, dola 400 kwenda kwenye M-Pesa yake. Siku zote nilikuwa nalipia kwa akaunti ya kawaida ya benki. Siku hiyo nikajiambia, si nina kadi ya bonasi? Nikachagua kadi. Pesa ikafika kwenye simu ya mama kabla sijafunga mlango wa gari. Mwisho wa Aprili nikatuma 350 nyingine za fundi na mbao, kwa njia ile ile.

Kumbe kila biashara inayopokea kadi ina namba ya tarakimu nne inayoieleza benki wewe umenunua nini: duka la chakula namba yake, kituo cha mafuta namba yake. Kutuma pesa ni 4829. Baadhi ya benki zikiona namba hiyo hazisemi umenunua huduma. Zinasema umekopa pesa taslimu, kana kwamba umechomeka kadi ya mkopo kwenye ATM ukachomoa noti. Yangu ni mojawapo. Na ukishawekwa kwenye fungu hilo, kwanza kiasi hicho hakihesabiwi kwenye bonasi. Pili unakatwa asilimia 5 papo hapo: kwangu dola 20 kwa zile 400, na 17.50 kwa zile 350. Tatu, riba yake ni asilimia 29.99 kwa mwaka, na haisubiri tarehe ya kulipa kama manunuzi mengine. Inaanza siku ile ile. Mama bado hajafika dukani kuulizia bei ya bati, mimi nimeshaanza kulipa riba.

Mtasema ilikuwa imeandikwa. Ndiyo, imeandikwa. Ukurasa wa nne, maandishi madogo kama sisimizi waliopanga foleni. Sisi wa nyumbani tunaijua hii, tumekua na matangazo ya redio yanayomalizia "vigezo na masharti kuzingatiwa" kwa spidi ya mtu anayekimbizwa na nyuki. Sijaja hapa kudai haikuandikwa.

Nilichokuja nacho ni hiki. Mwezi wa nne huo huo nilikwenda Dallas kwenye msiba. Asubuhi nikanunua kahawa ya dola 4. Kikombe hakijapoa, meseji ikaingia kutoka benki: tumeona matumizi yasiyo ya kawaida, je, ni wewe? Jibu NDIYO au HAPANA. Kahawa! Ya dola 4! Lakini niliposhika kadi ile ile nikaingia kwenye mkopo wa asilimia 29.99 kwa dola 400, mtambo wao unajua fika ni namba 4829, unajua unanikata 20, unajua bonasi yangu haisogei, simu ikakaa kimya kama imezimwa. Wanashindwa nini kuuliza: hii itahesabika kama pesa taslimu, utakatwa kiasi hiki, uendelee au usiendelee? Bibi yangu ambaye hajui kusoma akituma elfu tano kwa M-Pesa, mjukuu anamsomea meseji: umetuma kiasi hiki, makato kiasi hiki, salio lako hili. Tozo tunazilalamikia kila siku, lakini angalau unajua umekatwa leo na siyo miezi minne baadaye kwa kupigiwa muziki.

Na msiniambie sikuuliza. Niliuliza! Tarehe 20 Mei niliwaandikia kwenye chati ya benki: nataka kujua niko wapi kwenye ile bonasi ya 4,000. Mhudumu akanijibu, nafasiri kama alivyoandika, "Uko vizuri, endelea tu kutumia kadi yako." Nimepiga picha ya skrini. Siku hiyo nilikuwa nimebakiza wiki mbili na ningeweza kulipia bima nyingine mapema, au hata kukubali ile asilimia 3 ya kodi. Uko vizuri. Vizuri gani?

Nilipompelekea yule dada wa simu picha hiyo, akasema mhudumu wa chati "hakutoa ahadi, alitoa maelezo ya jumla".

Kuna jingine, hili nakubali nusu ya kosa ni langu. Nilipofungua akaunti niliweka ijilipe yenyewe kila mwezi ili nisije kuchelewa. Pale pana vidoto vitatu vya kuchagua, na kilichokuwa kimeshawekwa alama tayari ni kile cha kulipa kiwango cha chini kabisa. Sikuangalia mara mbili. Stetimenti ya Aprili ilikuwa 1,480, wakachukua 40 kwa adabu zote, na mimi nikalala usingizi nikijua deni limekwisha. Ukibakiza deni hivyo unapoteza zile siku za neema, zile za kununua bila riba mpaka tarehe ya kulipa, kwa hiyo hata mkate unaonunua leo unaanza kuzaa riba leo. Na utamu wenyewe ni huu: sheria ya kadi ya mwaka 2009, aliyoisaini Obama, inaibana benki ikichukue kile unacholipa ZAIDI ya kiwango cha chini ikipeleke kwanza kwenye deni lenye riba kubwa. Mimi nililipa kile cha chini tu, hakuna zaidi. Kwa hiyo 40 yangu waliruhusiwa kuipeleka wanakotaka, na zile 400 za mabati zikaendelea kuchemka kwa 29.99.

Nilipogundua mwezi wa tano nikalipa zote, mpaka senti. Mwezi wa sita nakuta tena dola 3 na kitu. Riba ya zile siku kati ya stetimenti kutoka na pesa yangu kufika. Nilicheka peke yangu jikoni.

Alama zangu za mkopo, zile wakopeshaji wanazotumia kupima kama unaaminika, nazo zilishuka kutoka 742 hadi 701, kwa sababu kadi ina kikomo cha 5,000, ukitumia sehemu kubwa ya kikomo alama zinashuka, na benki inapeleka kwa wale watunza kumbukumbu za madeni ya watu kiasi kilichopo siku stetimenti inapofungwa, iwe utalipa chote kesho yake au hulipi. Hizo zitapanda zenyewe nikishusha deni, sina ugomvi nazo.

Kwa wanaodhani ni mimi tu sijui mambo. Julai 2023, ile ofisi ya serikali inayolinda wateja wa huduma za fedha, CFPB, iliibana Bank of America, na mojawapo ya mashtaka ilikuwa kuwanyima watu bonasi za kadi walizoahidiwa, hasa walioomba kwa simu au kwa kufika tawini. Jumla waliamriwa kuwarudishia wateja zaidi ya dola milioni 100, pamoja na mambo mengine, na faini juu yake. Naitaja kwa kuwa ilitangazwa hadharani. Benki yangu si hiyo. Nasema tu hayo majengo marefu yenye vioo hayajajengwa na watu wasiojua kuhesabu.

Nimepeleka malalamiko CFPB kupitia mtandaoni, kampuni kwa kawaida inatakiwa kujibu ndani ya siku 15. Wamejibu siku ya 13. Wananirudishia zile 37.50 za makato "kwa ukarimu". Riba hawarudishi. Bonasi hawatoi, kwa sababu "muda wa ofa umepita". Ukarimu! Mtu anachukua mbuzi wako anakurudishia kamba, halafu anakuambia ni ukarimu.

Sasa wadau, hasa mlioko Marekani, naomba msaada wa kweli na siyo "pole mkuu". Kuna aliyewahi kuonyesha picha ya chati kama yangu wakakubali kumpa bonasi? Nimesikia wapo wanaopiga simu na kusema wanafunga kadi, wakahamishiwa kitengo kingine chenye mamlaka zaidi. Ni kweli au hadithi? Na je, ule upande wa pesa taslimu wa kadi naweza kuomba ufungwe kabisa, uwe sifuri, ili siku nikikosea tena malipo yakatae?

Nyongeza, saa tano usiku: Mnaonijia inbox kuuliza jina la benki, silitaji, malalamiko yangu bado yako wazi na sitaki mtu aje kusema nimewachafua. Na wewe mkuu uliyeandika "ungetumia tu akaunti ya kawaida kutuma", nashukuru, nimeshaanza. Leo nimetuma 60 kwa njia hiyo. Mama anasema bati zimebaki mbili na fundi anataka kuzinunua kwa bei ya chee. Nimemwambia aziweke chini ya kitanda.