Mrejesho: milima ya kufanyia mazoezi ya baskeli nimeipata

Jamani mlionijibu asanteni sana. Kwa ambao hawakuona, niliuliza mtu anayekaa Mombasa apande wapi milima na baskeli, maana huku kisiwani ukitoa vile viinuko vya darajani kote ni tambarare tu.

Basi Jumapili nikatoka alfajiri, nikavuka feri Likoni, nikashika njia ya Diani mpaka Kombani halafu nikakata kulia kwenda Kwale kama mlivyonielekeza. Wallahi ule ndio mlima! Pale Likoni unaanza karibu na usawa wa bahari na mji wa Kwale uko karibu mita 400 juu, na haupandi kwa mpigo mmoja, unapanda unapumzika kidogo unapanda tena, mimi nilimaliza gia zote nikabaki na ile ndogo kabisa lakini sikushuka. Kule juu upepo ni baridi, miti ya Shimba Hills iko pale pale, raha kwelikweli. Kushuka sasa mwangalie breki zenu kabla, mwendo unakolea haraka mno.

Mazeras nayo nilijaribu wiki iliyopita, mlima upo ila malori ya njia ya Nairobi yanakupita karibu sana, mimi sirudi labda nikate kuelekea Kaloleni.

Siku za kazi nafuata ushauri wa yule aliyesema nitumie upepo wa kusi badala ya mlima, naweka gia nzito naenda nao uso kwa uso. Mapaja yanawaka vilevile.

Mwezi ujao nataka Kwale mara mbili kwa safari moja.